Mtani Wetu na Minde Wake

Siku ile walikuwepo mjomba Shabani, kaka mkubwa wa mama, aliyetoka Kisaki. Shangazi Mwanahawa wa Morogoro mjini. Baba mdogo Ramadhani, aliyekuwa mlinzi huko Mzumbe. Bi Zena, jirani yetu, aliyepika pilau. Na sisi watoto wanne tuliokaa mkeka mmoja: mimi Mwajuma, mkubwa wao, Idi, Sauda, na Kibwana, ambaye bado alikuwa akiuliza mama anarudi lini. Wa mwisho alikuwa yeye, ameketi karibu na mlango na sahani yake ya pili. Simtaji jina kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitumia. Tulimwita Mtani.

Ilikuwa arobaini ya mama. Baba alikwishatangulia zamani kidogo. Dua ilisomwa, watu wakala, majirani wakaaga, na wakubwa wakabaki kuzungumza juu yetu.

"Idi nakwenda naye," mjomba alisema. "Shamba la mpunga linataka mikono."

"Sauda namchukua mimi," shangazi akasema. "Kibwana akae kwa baba yake mdogo. Huyu Mwajuma keshakua, tutaona."

Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na nyumba yenye watoto wake, na kila mmoja alijitwika kiasi alichoweza. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba wadogo zangu watalala chumba kimoja mpaka wakue, na "tutaona" ya shangazi niliielewa vizuri: ilikuwa na maana ya mwanamume atakayekuja kuniposa. Nilitaka kusema kwamba nitawalea mwenyewe. Maneno hayakutoka. Mimi ni mtu ambaye maneno humjia baada ya wageni kuondoka.

Mtani alimaliza pilau, akalamba vidole, akatoa mfukoni kamba ya mkonge. Akaja kwenye mkeka, akatufunga mikono mmoja baada ya mwingine, kamba legelege, kama mbuzi wanaopelekwa mnadani. Akatuinua.

"Hawa nimewakamata," alisema. "Anayewataka atawakomboa."

Wakubwa wakacheka. Walijua mambo yenyewe. Ukoo wake na ukoo wa mama yetu ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na kwetu mtani ana haki zake msibani. Siku ya kumtoa mama alijifunga kanga ya marehemu, akajilaza mlangoni kuzuia jeneza lisitoke, akidai mama alimlia jogoo wake na hazikwi mtu mpaka jogoo arudi. Watu walicheka huku machozi yakiwatiririka. Mjomba alimpa jogoo, akaondoka mlangoni. Mtani akichukua kitu, hanyang'anywi wala hakasirikiwi. Anakombolewa tu.

"Haya, mtani," mjomba alisema, bado anacheka. "Taja. Jogoo mwingine?"

"Jogoo nimechoka nao."

"Mbuzi?"

Mtani alituongoza hadi nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, watu wazima wakitufuata. Akafungua mlango. Ndani, katikati ya sebule, alisimama minde, ngozi yake imejazwa.

"Nataka mwenzake huyu," alisema. "Awe mzima, anapumua, aingie mlango huu kwa miguu yake mwenyewe."

Walicheka tena, kisha kicheko kikapungua, kikaisha. Msitu wa Uluguru ulikuwa pale juu yetu, na kila mmoja alijua kwamba minde hakamatiki. Wapo watu waliolima ukingoni mwa msitu ule maisha yao yote na hawakuwahi kumwona hata mara moja.

"Unatania," mjomba alisema.

"Ndiyo," Mtani akajibu. "Ndiyo kazi yangu."

Mjomba alimtazama baba mdogo, baba mdogo akatazama miguu yake. Shangazi ndiye aliyesema kwamba jua linazama na yeye ana safari. Wakaondoka bila sisi.

Kwa asiyemjua minde, ni paa wa msituni, mkubwa kuliko jamaa zake wote wa hapa, mwili mzito, rangi ya kahawa iliyokolea mpaka inakaribia weusi, pembe fupi, na kati ya pembe hizo shungi la manyoya mekundu. Hutembea peke yake, tena gizani. Huyu wa Mtani alifia kwenye mtego wa waya huko juu. Askari wa misitu walimteremsha, wakampelekea yeye, kwa kuwa wakati huo Mtani alikuwa na kibarua katika ofisi moja ya serikali mjini, kazi ya kujaza ngozi za wanyama ili watu wawatazame. Alipomaliza, wakamwambia hawana chumba cha kumweka, akae naye mpaka chumba kipatikane. Wakubwa wa ofisi wakahamishwa, wakaja wengine, wakahamishwa na hao. Mtani akastaafu akarudi hapa kwetu Mlali na mnyama juu ya mkokoteni.

"Mimi na huyu tunasubiri chumba," alikuwa akisema kila mgeni akishangaa.

Nyumba yake ilinukia kafuri. Aliitia ndani ya manyoya na kwenye pembe za sebule kuzuia nondo, na kwa kuwa kafuri sisi tunaijua kwa maiti, watoto wa mtaani walipita mbele ya mlango ule mbio. Yeye alifurahi. Alisema ndiyo maana mapapai yake hayaibiwi. Mapapai hayo aliyahesabu asubuhi na jioni. Alikuwa bahili wa wazi kabisa, bahili bila aibu, na siku ukimkopa chumvi alikukumbusha hadharani, penye watu wengi, kwa sauti ya mwadhini.

Mwenyewe aliwaogopa wanyama. Hili lilitushangaza sana mwanzoni. Mtu aliyekaa miaka na miaka akitia mikono ndani ya ngozi za chui na fisi, mbwa wa Bi Zena akibweka alipanda juu ya kiti. Msituni hakwenda. Shamba la mwisho chini ya msitu ndilo lililokuwa mwisho wa dunia yake. Idi alimuuliza siku moja sababu.

"Nimewaona wakiwa wametulia," alisema. "Sitaki kuwaona wakiwa na haraka."

Kazi ile alitueleza vipande vipande, mara nyingi akiwa anashona kitu kingine, kiatu au gunia. Ngozi husuguliwa chumvi na shabu, ikakauka. Kisha unatengeneza mwili wa uongo, mbao na waya, unauzungushia nyuzi za mkonge mpaka upate nyama yake, na pua unaifinyanga kwa udongo. Macho ya minde wetu yalikuwa gololi zilizopakwa rangi kwa nyuma. "Ngozi haidanganyi," alikuwa akisema. "Anayedanganya ni waya." Mkao wote wa mnyama, alisema, uko kwenye waya, na ukikosea hapo, manyoya yote ya dunia hayatakusaidia.

Na yeye alikosea. Minde wake alisimama kifua mbele, kichwa juu, shingo imenyooka. Mzee mmoja wa huko juu, aliyetega sana ujanani, alipita kusalimia, akamwona, akaweka fimbo chini.

"Huyu ni nani?"

"Minde."

"Minde hasimami hivi. Minde huenda kichwa chini, kama mtu aliyedondosha sindano. Hapa umejaza mbuzi anayepigwa picha."



"Ulimwona wapi wewe?" Mtani aliuliza.

"Msituni."

"Na yeye akakuona?"

"Akaniona, akakimbia."

"Basi wewe unamjua anayekimbia. Huyu wangu hakimbii."

Mzee alicheka, akaenda zake. Lakini nilikuwa nafagia pale, na nilimwona Mtani akibaki mbele ya mnyama muda mrefu, kisha akaweka kiganja juu ya shingo na kubonyeza taratibu, kama anayemwomba ainame. Shingo haikuinama. Baadaye alimwambia Sauda ukweli. Hakuwahi kumwona minde akiwa hai. Siku ya kukunja waya alikwenda kumtazama mbuzi wa mke wa bosi wake.

Watu hudhani kwamba alitulea. Hapana, na angekasirika kusikia hivyo. Jioni ile ile ya arobaini alitufungua kamba, akaturudisha nyumbani kwetu. "Mateka wangu nawafuga kwenye banda lao wenyewe," alisema. "Mtajilisha." Shule nikaiacha hapo, kidato cha pili, nikashika bustani ya mama. Kabichi, karoti, maharage. Nikalima, nikamwagilia, nikabeba tenga mpaka barabarani wanakopita wanunuzi wa mjini. Mtani hakuwahi kushika jembe letu. Badala yake alikuja kula. Alifunua chungu bila kuomba, akachagua kipande kizuri, akasema kimeungua. Sikukuu moja alimchukua jogoo wetu pekee, akamla peke yake mlangoni kwake ili tumwone, na Kibwana akalia.

Nilimchukia siku ile. Bi Zena akaniambia, "Umewahi kuona mtu anamnyang'anya jogoo yatima? Mtu hamchukulii yatima, anamwonea huruma. Huyo hawaonei huruma nyinyi." Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anamsifu.

Kijiji kizima kilitusemesha kwa sauti ya matangani. Maskini watoto wale. Mtani yeye alisimama uani kwetu akapaza sauti:

"Mwajuma! Huo uso umeuokota wapi, mahakamani?"

"Shikamoo," nilijibu.

"Shikamoo ya nini? Mimi ni mtani wako! Nijibu!"

Akasimama akingoja, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja chenji yake dukani. Mimi nikainamia karoti zangu. Idi angejibu, Sauda angejibu, hata Kibwana alipoanza kusema vizuri alijifunza kumwita "babu kafuri" na Mtani akafurahi kama amepewa nguo mpya. Mimi sikuweza. Sikuwa nimekasirika. Mtu aliyeniwekea wadogo zangu chini ya dari moja, nitamwambiaje kwamba meno yake yamepangwa kama mawe ya mto? Naliona neno hilo sasa kwenye karatasi. Mbele yake halikuja.

Nikajaribu kumshukuru basi. Nilimpelekea kabichi kubwa kuliko zote, nikapiga goti, nikaanza. Alinikatiza kabla sijafika popote.

"Asante ni ya wageni. Ukinishukuru umenivunjia utani, na utani ukivunjika, mjomba wako anaweza kuja kesho asubuhi akachukua watu wake. Unataka hivyo?"

"Hapana."

"Basi nitukane."

Nikaacha kabichi mlangoni, nikakimbia.

Mjomba alikuja kweli, ingawa si kesho yake. Idi alikuwa amevunja sauti, ana mabega, na mpunga wa Kisaki bado ulitaka mikono. Alikuja na baba mdogo na majirani kadhaa nyuma yao, na kwenye kamba alikuwa anamvuta beberu mweusi tii mwenye pembe fupi.

"Mtani," alisema kwa sauti ya sherehe, "nimekuja kukomboa. Minde wako huyu hapa."

Watu walicheka kwa nguvu. Mtani alitoka, akamzunguka yule mnyama kwa mbali, maana alikuwa mzima na ana miguu minne.

"Mbona ni mbuzi?"

"Mbuzi? Hebu mlete wako tulinganishe."

Wakafungua mlango wazi. Beberu akavuka kizingiti, akasimama kifua mbele, kichwa juu, shingo imenyooka. Minde akasimama ndani, kifua mbele, kichwa juu, shingo imenyooka. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema taratibu, "Lahaula, pacha."

"Mweusi," mjomba alisema, akihesabu kwa vidole. "Pembe fupi. Anapumua. Ameingia kwa miguu yake. Na anavyosimama, wewe mwenyewe ndiye uliyetuonyesha minde anavyosimama."

Beberu akalia meee.

"Minde halii hivyo," Mtani alisema.

"Umewahi kumsikia akilia?"

Mtani alifungua kinywa akakifunga. Hakuwa mwongo, hata katika mzaha. Ndiyo kanuni yake. Hakuwahi kumsikia. Watu walicheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa upande wa mjomba. Niliona Sauda amelishika shati la Idi kwa nyuma, amelikunja kwenye ngumi. Idi alikuwa anatazama chini. Mtani aligeuka akatutazama sisi, na kwa mara ya kwanza nikaona hana neno. Mjomba alikwishanyoosha mkono kumshika Idi.

"Mjomba," nilisema, "minde hana ndevu."

Sikusema kwa mzaha. Nilikuwa natazama tu wanyama wale wawili, na jambo hilo lilikuwa kweli: beberu alikuwa na ndevu ndefu mpaka kifuani, na mjomba, ambaye naye alikuwa amezifuga zake, alikuwa amesimama sambamba naye. Watu walimtazama beberu, wakamtazama mjomba. Bi Zena ndiye aliyeanza, akakaa chini kabisa, kanga mdomoni. Baba mdogo alishika nguzo. Mwishowe mjomba mwenyewe alizishika ndevu zake, akatikisa kichwa, akacheka mpaka akakohoa, na mtu aliyecheka namna hiyo hawezi tena kumchukua mtoto kwa nguvu.

"Umetania!" Mtani alinipigia kelele. "Mwajuma ametania!"

"Sikutania," nilisema, na wakacheka upya.

Beberu alichinjwa jioni ile. Mtani alisema fidia ya uongo huliwa na wote, tukala wote, mjomba akiwemo. Hakuja tena kudai. Alikuja kututembelea tu, na kila mara alinipungia ndevu zake akiwa bado mbali.

Sasa Idi ana pikipiki yake, anabeba abiria kati ya Mlali na Mzumbe. Sauda anasomea ualimu. Kibwana yuko sekondari na ananizidi urefu. Walilala chumba kimoja mpaka wakakua. Minde bado yuko mle sebuleni, bega la kushoto limenyonyoka pale walipozoea kumwegemea, na mimi ndiye mwenye ufunguo, natia kafuri. Mtani hayupo. Kifua kilimsumbua, binti yake akaja akamchukua akakae naye mjini karibu na hospitali.

Nilikwenda kumwona mwanzoni mwa masika haya. Nilimkuta kitandani, mwembamba, shuka hadi kidevuni. Nilisahau, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Bado tu?" alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ile ile. "Miaka yote hii bado tu?"

Nikaketi. Nikamweleza habari za wadogo zangu, mvua, bei ya karoti. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nikafikiri amelala, nikaanza kusema lile ambalo huwa nataka kusema, polepole, kwamba bila yeye sijui tungekuwa wapi.

"Koma," alisema bila kufumbua macho. "Nisikilize. Watani wangu walionijua wamekwisha. Mjomba wako kazeeka, magoti hayamleti hapa. Idi ni mcheshi lakini analia upesi, nimemwona. Kibwana alikuwa mdogo. Siku yangu ikifika, nani atanizuilia mlangoni?"

Nikamtengenezea shuka.

"Utakuja wewe. Uje na domo, usije na machozi. Mtu kutolewa nyumbani kimyakimya, kama gunia, hapana. Mama yako nilimtoa kwa kelele."

"Nitakuja," nilisema.

"Hebu jaribu. Nitanie nikusikie."

Nilimtazama. Nilitafuta sana. Dirishani kulikuwa na kelele za mjini, binti yake akiosha vyombo uani, na yeye amefumbua macho sasa, anangoja, kama alivyongoja siku zote pale uani kwetu.

"Una masikio makubwa," nilisema.



"Hayo ni maelezo," alisema. "Si utani."

Kisha akageukia ukutani, mabega yakitikisika, nami sikujua kama anacheka au anakohoa. Binti yake akaingia na maji, akanipa ishara kwamba amechoka.

Idi alinipokea barabarani kwa pikipiki. Akaniuliza nimemwambia nini mgonjwa, nikamweleza la masikio. Alicheka mpaka ikabidi asimamishe pikipiki kando ya barabara, akashuka, akainama. Alipoinuka alikuwa anajifuta macho. Akanisemea maneno mengine matano sita ya kumtania Mtani, mazuri kweli, yenye makali. Nikayakariri yote njiani. Tulipofika Mlali niliyasema kwa sauti jikoni, peke yangu, nikikaza uso, na yalisikika kama mtu anayesoma tangazo.

Bado najaribu. Nikiwa bustanini najaribu, nikifunga matenga najaribu. Bi Zena amezoea kunisikia. Kwenye simu yangu, namba ya binti wa Mtani nimeiwekea mlio wa peke yake. Inapolia huo mlio naacha jembe, nafuta mkono kwenye kanga, naipokea upesi, na mpaka leo imekuwa ni salamu tu. Lakini kila inapolia nagundua kwamba sina hata neno moja tayari.